Mama Alipouza Wikio

Nimeishi katika nyumba za watu tangu nilipotoka kwetu. Mombasa nilipanga chumba juu ya duka la mchele, Tanga nililala ghalani kwa tajiri wangu, na Unguja na Kismayu nililipa kodi na kuhama kabla sijawajua majirani wote. Sasa umri wangu umeingia miaka ya arubaini na sina hata kiwanja. Lakini mtu akinijia na karatasi ya nyumba aliyoiweka rehani, humwambia akae kitako, kwa sababu jambo hilo nalijua. Nililijua kwetu Amu, yaani Lamu, katika miaka ya hamsini, nyumba ya mama yangu ilipobakiza wiki nne iwe mali ya mtu mwingine, nasi tuliokuwa ndani tukidhani tuna miezi miwili.

Ilikuwa nyumba ya mama, si ya baba. Kwetu mwenye uwezo hamwozi binti yake kabla ya kumtengea nyumba. Mume ndiye anayehamia, na sanduku lake la nguo begani mwa mchukuzi. Baba alihamia hivyo, katika nyumba ya mawe ya ghorofa moja mtaani Mkomani ambayo babu alimpa mama. Dada yangu naye alikuwa akingojea aolewe aachiwe nyumba hiyo, wazazi wakihamia vyumba vya chini.

Juu ya njia nyumba ilikuwa na wikio, yaani chumba kilichojengwa hewani, kimeegemea nyumba yetu upande mmoja na nyumba ya pili upande wa pili, watu na punda wakipita chini yake. Wazee walikijenga ili ndugu wawili wa kike, waliopewa nyumba zinazotazamana, watembeleane bila kutoka nje. Nyumba ya pili iliuzwa zamani, ikaishia kwa sonara, na mlango wa upande ule ukazibwa kwa mawe. Chumba kikabaki chetu.

Humo ndimo mama alimokaa. Madirisha yalikuwa mawili, moja likitazama njia inayoshuka pwani, jingine inayopanda, yote yamezibwa kwa vijiti vya mbao hata aliye ndani huona asionekane. Mama hakuwa mtu wa kutoka mchana. Alishona kofia pale, na kabla ya adhuhuri alikwisha kujua nani kanunua samaki gani, nani kagombana na mkwewe, na mwalimu wa chuo cha Kurani kapita mara ngapi akijifanya hana haja na mtaa huo.

Baba alikuwa mtu wa boriti. Aliwalipa wakataji sehemu mbele, wakaingia mikokoni huko kaskazini hadi karibu na Kiunga, na manahodha wa Arabuni walipokuja aliwauzia kwa korija, yaani ishirini ishirini. Mwaka mmoja nahodha aliyeagiza mzigo mkubwa hakutokea. Korija zikalala ufuoni, zikapasuka kwa jua, na wakataji wakaja kubisha hodi kudai iliyobaki. Baba akaenda kwa tajiri mmoja wa nguo na nafaka, mtu wa swala tano, akapata fedha. Akaandika nyumba.

Ile haikuwa rehani kama ya benki. Mtu wa kwetu hataki kusikia riba, mtoaji wala mpokeaji. Kwa hiyo huandikiana bei ya hiari. Unamuuzia tajiri nyumba kwa fedha unazozitaka, na karatasi inasema una hiari ya kuinunua tena kwa fedha zilezile mpaka siku fulani. Wewe unabaki ndani kama mpangaji na unamlipa kodi. Siku ikipita hujamrudishia, hakuna kesi wala mnada. Umekwisha kuuza tangu siku ya kwanza, ila hukujua. Kasoro ya karatasi hizo ni kwamba mtu anaamka nyumbani kwake, anakunywa chai yake, na haoni kitu kilichobadilika.

Siku ya kuandika, mashahidi walisimama nyuma ya pazia wakamuuliza mama kama ameridhia. Akasema ameridhia. Hakuna aliyemsomea, naye hakuomba. Alimwamini mumewe, na mumewe alimwamini karani. Ningekuwepo ningefanya vivyo hivyo, na mtu akiniambia leo kwamba yeye angesoma kila mstari, namtazama tu.

Nilikuwa Mombasa, karani wa wakala wa meli, nina cheti cha sekondari na ulimi mrefu. Nilirudi kwa ajili ya posa ya dada. Siku ya tatu mama akaniita wikioni, akafungua kijaluba cha mbao, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Nisomee," akasema. "Nataka siku yenyewe. Mahari imeshazungumzwa, na mimi siwezi kumpa mwanangu nyumba iliyo mfukoni mwa mtu."

Baba alikuwa mlangoni, hajaingia wala hajaondoka. "Siku naijua mimi. Ni miaka mitatu. Msimu huu wa tatu, nahodha wa mwisho akisha kulipa na kuondoka, ndiyo siku. Bado miezi miwili."

Kiarabu changu ni cha chuoni, lakini hesabu na majina ya miezi hayanishindi. Nikasoma, nikarudia, nikahesabu kwa vidole.

"Baba, karatasi inasema mwisho wa mwezi huu."

"Mwezi gani?"

"Huu tulio nao. Mfunguo Tisa. Umeandama juzi."

"Haiwezekani! Miaka mitatu haijatimia."

"Ya kwako haijatimia. Ya karatasi inatimia."

Mama akaweka kofia na sindano chini. "Kwani mna miaka mingapi nyinyi wanaume?"

Swali lake lilikuwa ndilo. Baba alikuwa na miaka miwili kichwani. Mmoja ulikuwa wa mwezi, wa kufunga na kuswali Idi, nao huwa mfupi kwa siku kama kumi na moja. Wa pili ulikuwa wa jua, unaoanza siku ya Nairuzi, na huo ndio wa msimu, wa pepo za kaskazi na kusi, wa boriti. Tangu kijana alihesabu biashara kwa huo wa pili, kama watu wote wa kazi yake. Kila mwaka aliiona Ramadhani ikisogea kutoka kwenye mvua kwenda kwenye joto, asishangae, maana kila mwaka ulikuwa na mahali pake. Karani wa kadhi aliandika miaka mitatu kwa mwezi, kama aandikavyo talaka na mirathi. Hakumdanganya mtu. Mmoja alisema miaka mitatu, mwingine akasikia misimu mitatu, na katikati ukapotea mwezi mzima na siku kidogo.

"Nani ahesabuye biashara kwa Ramadhani?" baba akanung'unika.

"Aliyekupa fedha," mama akasema. Kisha akanigeukia. "Na kodi yote tuliyomlipa?"

"Ile ni kodi, Mama. Haipunguzi kitu. Anataka zilezile alizotoa, kamili."

Alichokusanya baba kwa misimu miwili kilikuwa kama nusu. Nusu ya pili ilikuwa ufuoni, imelala kwa korija, ikingoja manahodha ambao wangelipa baada ya siku ya karatasi kupita.

Baba alikuwa mtu mwema na mwenye haya, na haya ndiyo iliyotaka kutuua. Rai yake ya kwanza ilikuwa kunyamaza. Pengine tajiri naye amesahau, akasema, tusimwamshe. Rai ya pili ilikuwa kukopa kwa mtu mwingine ili kumlipa huyu. Nikamwambia mtu wa pili naye atataka karatasi, na karatasi ya pili itakuwa na siku yake, na safari hii tutakuwa tunalipa kodi tukiwa na hofu. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko inavyofaa mbele ya mzazi. Mama alinikata kwa jicho, lakini hakusema nimekosea.

"Kwanza," akasema, "atakwenda mtu kwa Bwana yule yeo, si kesho. Mtu aliyejificha hawezi kuomba kitu."

Yeo ni leo kwa Kiamu chetu. Nikaenda mimi, alasiri ileile.

Tajiri alikuwa dukani amekaa juu ya jukwaa lake, miguu imekunjwa, anapima mtama. Alinijua kabla sijajitaja.

"Karibu, kijana wa Mombasa. Babako mzima? Zamani nikimwona uso msikitini. Siku hizi namwona kisogo tu, akikata kona."

"Mzima, Bwana. Anakusalimu."

"Ananisalimu kwa mbali sana." Akacheka, wateja wawili wakacheka naye. Alipowamaliza aliniketisha karibu. "Sema."

Nikamwambia yote: kwamba siku tumeijua, kwamba fedha tunazo nusu, kwamba tunataka kukomboa kabla ya mwezi kwisha. Sikumwomba huruma. Nilimwuliza kama atapokea nusu sasa na iliyobaki manahodha wakilipa.

Alifikiri kidogo tu. "Sikufichi. Binti yangu anaolewa mwaka huu, na mke wangu ameshachagua nitaweka kitanda upande gani wa ukumbi wenu. Mwezi huu nautazama kama watu wautazamavyo wa Idi." Akafuta mikono kwa kanga iliyochakaa. "Nusu sipokei. Fedha zikija zote kabla ya mwezi mwingine kuandama, sina neno. Zikija baada, pia sina neno. Umenifahamu?"

"Nimekufahamu."

"Lakini umekuja. Babako angekuja mwaka jana, ningemwandikia msimu mwingine, binti yangu alikuwa hajaposwa. Mwambie hivyo. Hapana, usimwambie."

Sikumwambia. Ila nimelibeba neno hilo miaka yote, na kila anayeniuliza humpa: nenda mapema kwa mwenye karatasi yako, wakati bado hana haja na nyumba. Mkopeshaji si mtu mmoja. Wa mwaka jana anataka fedha zake tu. Wa mwaka huu ana binti.

Nilirudi nikawaeleza. Baba akainama. Mama alikaa wikioni mpaka magharibi bila kushona. Alipotoka alikuwa ameamua, na hakumshauri mtu.

"Mimi nyumba siwati," akasema, yaani siiachi. "Nitawata chumba. Kamwite sonara."

Sonara alikuja asubuhi na miwani yake ya kioo kimoja kinene ameisahau kipajini. Tulimkalisha ukumbini, mama nyuma ya pazia. Mke wake alikuwa amelitamani wikio lile tangu alipoingia mtaani. Upande wao ulikuwa na ukuta mtupu na nyuma ya ukuta kulikuwa na chumba chenye upepo wa njia mbili.

"Bi," sonara akaliambia pazia, "mimi ni mtu wa kupima. Dhahabu naipima, fedha naipima. Chumba hiki hakina ardhi. Kinaning'inia. Utaniuzia hewa?"

"Hewa hiyohiyo mkeo ameiomba miaka saba," pazia likajibu. "Kila Idi ananiletea halua, ananiuliza kama najisikia mzima."

"Hiyo ni heshima ya jirani."

"Ni heshima ya kungoja nife. Na si vibaya. Leo amepata bila kunizika."

Sonara alicheka mpaka miwani ikaanguka. Kisha akarudi kwenye kazi yake, yaani kupunguza. Alisema boriti za chini zimezeeka. Baba akainua kichwa. Kuhusu boriti hakukuwa na mtu wa kumfundisha Amu nzima.

"Zimezeeka?" akasema. "Njoo chini ya njia."

Wakatoka, nami nikawafuata. Baba alisimama chini ya wikio akaigonga kila boriti kwa bakora, moja baada ya moja, akiitaja ilikokatwa na mti wenyewe, akimsikilizisha sonara mlio wake. Wapita njia wakasimama. Moja ilitoa mlio mbaya, na baba hakuificha. "Hii nitakubadilishia mwenyewe," akasema, "kwa boriti iliyoko ufuoni, na hutanilipa." Hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza siku zile kumwona amesimama wima. Sonara akakubali bei ya mama, kasoro kidogo ya kumridhisha nafsi yake, na bado ikatosha ile nusu tuliyopungukiwa.

Kisha akakwama kwenye jambo la haki kabisa. Nyumba, kwa karatasi, ilikuwa ya tajiri. Atamlipaje mama kwa kitu ambacho mama ameshakiuza? Na tajiri hataiachilia nyumba kabla hajaona fedha. Siku tano zikapita katika kwenda na kurudi, mimi nikiwa mjumbe, kila mmoja akimngoja mwenzake atangulie. Mwezi ulikuwa unanenepa mbinguni, na nyumbani kwetu hakuna aliyeusifu.

Nilichofanya nilijifunza bandarini Mombasa, ambako mwenye mzigo na mwenye meli hawaaminiani hata kidogo na bado mzigo hushuka. Unawaweka mahali pamoja, wakati mmoja, mbele ya mwandishi mmoja. Nikaenda kwa karani wa kadhi, nikamwomba aandike karatasi mbili kabla, zikose sahihi tu: ya kwanza, tajiri amerudisha nyumba; ya pili, mama ameuza wikio. Nikawaomba wote waje kwetu siku ya Alhamisi baada ya alasiri.

Wakaja. Tuliketi kwenye mkeka mmoja, mama na mke wa tajiri katika chumba cha ndani, mlango wazi, pazia katikati. Sonara akaweka mfuko wake katikati ya mkeka na mkono juu yake. Baba akaweka wake vivyo hivyo. Tajiri akatoa karatasi ya zamani, akaiweka, naye mkono juu yake. Kwa muda mikono mitatu ilikaa pale, hakuna aliyetaka kuondoa wa kwanza, mpaka karani akasema, "Mabwana, mnaangua mayai?"

Wakacheka, na mikono ikaondoka pamoja.

Lakini kabla ya sahihi, mama alisema kutoka ndani, "Nisomewe. Zote mbili. Na mwezi utajwe."

Karani akasema si desturi. Mama akasema desturi ameijua miaka mitatu, ya karani na ya mumewe, na zote mbili zimemgharimu. Kwa hiyo akasomewa, neno kwa neno, kwa Kiarabu na kisha kwa Kiamu, pamoja na mipaka minne ya nyumba. Katika karatasi ya pili, alipofika mpaka wa upande wa njia wa nyumba inayobaki kwetu, karani alikuwa ameandika kama zamani, na wikio ndani yake. Mama akamsimamisha. "Hilo si langu tena. Liondoe. Andika ukuta." Karani akakwangua, akaandika ukuta, na sahihi zikatiwa.

Nilimsikia mke wa tajiri akimwambia mama kwa sauti ya chini, "Bi, ningekipenda kile kitanda pale ukumbini."

"Najua," mama akasema. "Utakuja kwenye harusi, utakaa palepale."

Jumamosi waashi walianza. Upande wa sonara walivunja ukuta wa zamani, upande wetu wakaanza kuuziba mlango wa wikio, na vumbi la chokaa likatapakaa hadi kwetu. Mama aliwapa chai. Alihamisha vitambaa vya kofia na mkeka wake mwenyewe, hakutaka msaada, akakaa kwenye ukumbi wa ndani ambao hauna dirisha la njia, bali ua na kipande cha mbingu. Chini, mchuuzi wa samaki alipita akinadi. Mama akainua kichwa, akakiinamisha.

Mwashi alikuwa mtu mzima aliyemheshimu. Alipofika mstari wa mwisho wa mawe, alisimama na mwiko mkononi. "Bi, naweza kuwata tundu hapa, la upana wa kidole. Sonara nimemuuliza, hana neno. Utaona njia kidogo."

Nilimtazama mama. Kama angesema ndiyo, hakuna ambaye angemcheka. Dada yangu alikuwa nyuma yangu na nguo za harusi mikononi, akingoja jibu kama vile ni yeye aliyeulizwa.

"La," mama akasema. "Mara ya kwanza niliuza kitu nikabaki ndani yake, na karibu tutoke sote. Hiki nimeuza. Ziba."

Mwashi akaweka jiwe, akapiga chokaa juu yake, akaisawazisha kwa kiganja.